Skrini Imekufa au Imekuwa Nyeusi Tu? Kutafuta Hitilafu kwenye Ndege Ndogo za Kanda ya Ziwa

Simu za asubuhi hufanana.

"Shikamoo fundi. Skrini imekufa."

"Marahaba Kapteni. Imekufa, au imekuwa nyeusi tu?"

Kimya kidogo. "Kwani tofauti ni nini?"

Tofauti ni hela. Skrini iliyokufa inang'olewa, inafungwa kwenye boksi, inapelekwa nje ya nchi, na inarudi siku Mungu akipenda. Skrini iliyokuwa nyeusi tu mara nyingi ina vumbi, ina joto, au breka yake ya umeme imeruka, na hapo unahitaji dakika kumi na kitambaa safi.

Nimeandika haya kwa marubani na wamiliki wa ndege ndogo zinazolala Mwanza na kuhudumia Bukoba, Musoma, Ukerewe, Rubondo na viwanja vya migodini. Mifano mingi inatoka kwenye Garmin G1000, paneli ya skrini iliyoingia kwenye ndege ndogo mwaka 2004, maana ndiyo tunayokutana nayo zaidi. Ukiwa na ndege ya zamani iliyoongezewa G5 au GI 275 badala ya geji za mshale, mambo mengi ni yale yale. Kitabu cha ndege yako ndicho chenye neno la mwisho. Kikisema tofauti na mimi, kifuate.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Niliwahi kuagiza magnetomita mpya, kifaa kinachohisi uelekeo, kwa ajili ya Cessna 182 ambayo uelekeo wake ulikuwa ukipotea kila asubuhi. Kifaa kikaja, nikakifunga, na kesho yake uelekeo ukapotea tena. Habari yake ipo chini, kwenye dalili ya tatu. Tangu siku hiyo naanza na kile ambacho hakina gharama, kifaa kipya ndicho nakifikiria mwisho.

Dalili ya 1: Skrini ni nyeusi, au inafifia yenyewe

Anza na mwanga. Skrini hizi hupima mwanga wa nje kwa kitundu kidogo kilicho usoni mwake. Vumbi la changarawe likikaa hapo, skrini hudhani ni usiku na kujipunguza. Kifute kwa kitambaa laini kisicho na dawa ya kusafishia vioo vya magari, maana dawa hiyo huharibu utando wa skrini.

Kinachofuata ni joto. Ndege iliyoshinda juani Mwanza, milango imefungwa, hugeuka tanuri. Ujumbe wa PFD1 COOLING ukitokea (PFD ni skrini kuu iliyo mbele ya rubani), skrini inajipunguzia nguvu ili isiungue. Washa umeme wa paneli na usikilize kama feni iliyo nyuma yake inavuma. Isipovuma, tatizo ni feni. Ikivuma, fungua milango, subiri, kisha jaribu tena.

Kisha angalia breka. Ukiwa chini, breka iliyoruka irudishe mara moja tu, baada ya kuiacha ipoe. Ikiruka tena, iache hivyo hivyo. Breka huruka kwa sababu kuna waya au kifaa kinachovuta umeme kupita kiasi, na ukiisukuma kwa nguvu unaugeuza waya kuwa fyuzi.

Kama bado ni nyeusi, bonyeza kitufe chekundu cha DISPLAY BACKUP. Taarifa zote za urukaji zikionekana vizuri kwenye skrini ya pili, vifaa vya nyuma ni vizima na skrini yenyewe ndiyo mgonjwa. Hilo ni jambo la kumwambia fundi kwenye simu, na litakuokolea siku nzima.

Ukiwa angani, utaratibu unageuka: kitufe chekundu kwanza, maswali baadaye. Ukisikia harufu ya waya kuungua, usirudishe breka yoyote. Fuata orodha ya moto wa umeme na utafute pa kutua.

Dalili ya 2: Spidi au kimo hakieleweki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo hitilafu inayoua, na ndiyo ambayo ziwa letu linaileta kwa wingi.

Tenganisha mambo mawili. Ukiona X nyekundu juu ya spidi au kimo, kompyuta ya hewa imejitangaza kuwa haifanyi kazi. Hiyo ni hitilafu ya umeme au ya kifaa, na mtambo umekuwa mkweli kwako. Lakini bomba la pito, lile linalopokea upepo wa mbele ili kupima spidi, likizibwa na mdudu, hakuna X. Kompyuta ni nzima, waya ni mzima, na skrini inakuonyesha tarakimu safi, angavu, za uongo. Rubani aliyezoea geji za mshale alikuwa angalau na mshale unaotetemeka wa kumtia wasiwasi. Tarakimu ya skrini haitetemeki.

Wanaoishi kando ya ziwa wanayajua yale mawingu ya wadudu yanayosimama juu ya maji kama moshi wa tanuri, hasa siku za mwezi mwandamo, giza linapowatoa pia wavuvi wa dagaa na taa zao. Upepo ukiyaleta nchi kavu, wadudu hufuata taa za uwanja, na ndege iliyolala karibu na taa huamka imepakwa wadudu kila mahali. Wanaingia kwenye pito, wanaingia kwenye tundu la stetiki, linalopima shinikizo la hewa tulivu. Wakiisha hao, kuna nyigu wa udongo, ambao wana subira zaidi: kwa siku moja au mbili wameshajenga nyumba ndani ya bomba.

Sababu, kuanzia ninayoiona mara nyingi zaidi:

1. Pito imezibwa mbele, kitundu cha kutolea maji kiko wazi. Spidi hubaki sifuri, au hushuka hadi sifuri ukiwa hewani.

2. Pito imezibwa mbele, na kitundu cha kutolea maji nacho kimezibwa. Hewa imefungiwa ndani, na geji ya spidi sasa inafanya kazi kama altimita, yaani geji ya kimo: ukipanda inaongezeka, ukishuka inapungua. Huu ndio mtego. Rubani anaona spidi inapanda, anainua pua ili aipunguze, ndege inapanda zaidi, spidi ya uongo inaongezeka, na mwisho wake ndege inakosa mwendo.

3. Stetiki imezibwa. Kimo kinaganda, kasi ya kupanda inaonyesha sifuri, na spidi inasoma pungufu kadiri unavyopanda. Mbali na wadudu, chunguza utepe au nta iliyobaki baada ya kuosha ndege. Usicheke. Mwaka 1996 Boeing 757 ya Aeroperú ilianguka baharini karibu na Lima kwa sababu ya utepe uliosahauliwa juu ya matundu ya stetiki baada ya usafi, na watu wote 70 waliokuwamo walikufa.

4. Maji ndani ya mpira, hasa baada ya mvua za masika.

5. Mpira uliopasuka au kuchomoka nyuma ya paneli, kwa kawaida baada ya mtu kufanya kazi nyingine humo ndani.

6. Kompyuta ya hewa yenyewe. Kwa uzoefu wangu, hii huja mwisho.

Ukiwa chini, angalia kwa macho na tochi. Washa joto la pito kwa sekunde chache, zima, kisha lisogelee kwa kiganja: lazima lipate moto. Usipulize kwa mdomo, wala kwa pampu ya matairi. Pumzi ndogo tu inatosha kuharibu kihisio kilicho upande wa pili. Usichokonoe kwa waya wa baiskeli kama nilivyomkuta kijana mmoja akifanya. Kuisafisha kunataka mpira uchomolewe kwanza, na mfumo ukishafunguliwa lazima upimwe uvujaji. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, na inaandikwa kwenye kumbukumbu za ndege.

Kinga ni kifuniko cha pito, hata kama ndege inalala usiku mmoja tu. Kiwe na utepe mwekundu mrefu. Lakini kifuniko nacho kina hatari yake. Brisbane, Australia, wanasumbuliwa na nyigu kama sisi, na mwaka 2018 Airbus A330 iliruka kutoka huko vifuniko vya pito vikiwa bado vimevaliwa. Ilirudi salama, lakini bila kujua spidi yake. Ndege ya abiria, yenye marubani wawili na watu wa chini wa kuikagua. Wewe uko peke yako, na abiria anakuuliza kama mizani ya samaki wake imepita.

Wakati wa kuondoka, spidi lazima iwe imeamka mapema kwenye njia. Isipoamka, simama. Mwanza una nafasi ya kufanya hivyo. Kwenye viwanja vifupi vya visiwani uamuzi huo ufanye hata kabla hujaachia breki.

Ukigundua hewani, acha kuiamini spidi. Weka mkao wa pua na nguvu ya injini unazozijua, fungua stetiki ya akiba kama ndege yako inayo (kimo na spidi kwa kawaida vitasoma juu kidogo), waambie waongoza ndege, na tua kwenye njia ndefu iliyo karibu. GPS itakupa mwendo juu ya ardhi, ambao si sawa na spidi ya hewa. Uwanja wa Mwanza uko takriban futi 3,760 juu ya usawa wa bahari, na joto likiwa nyuzi 30 ndege inahisi kama iko juu ya futi 6,000. Mwendo wa ardhini utakuwa mkubwa kuliko ule ulioandikwa kwenye kitabu, na ukiongeza upepo wa ziwani, hesabu inaharibika zaidi.

Dalili ya 3: Uelekeo umepotea au si sahihi

Magnetomita hukaa ndani ya bawa, mbali na injini, ikisikiliza sumaku ya dunia. Chuma chochote kikubwa kilicho jirani kinaichanganya, na mfumo ukiona taarifa hazilingani unaweka X kwenye uelekeo.

Kwa hiyo swali la kwanza: umeegesha wapi? Ile Cessna 182 yangu ilikuwa imehamishiwa kando ya kontena la futi ishirini lililoletwa kuwa stoo. Bawa lenye magnetomita lilikuwa hatua nne tu kutoka kwenye kontena. Tuliisukuma ndege hadi katikati ya maegesho na uelekeo ukarudi wenyewe, kabla sijamaliza kuaibika. Nondo zilizo ndani ya zege zinaweza kufanya hivyo hivyo, na hata gari la mafuta likisimama chini ya bawa.

Kuna marubani wanaoyalaumu mawe ya Mwanza. Mawe yale ni granaiti, hayana habari na magnetomita yako. Mwacheni Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani, apumzike.

Ndege ikiwa mbali na chuma na tatizo likaendelea, uliza kama kuna taa mpya au skrubu mpya iliyofungwa kwenye ncha ya bawa. Skrubu moja ya chuma cha kawaida mahali pasipostahili inatosha. Baada ya hapo ndipo waya, na baada ya waya ndipo kifaa.

Kama X imeufunika mkao wote wa ndege na si uelekeo peke yake, basi AHRS, yaani kifaa kinachohisi mkao, haijajipanga. Ikiwa ndiyo kwanza umewasha, tulia dakika moja bila kuisogeza ndege. Ikipotea hewani, nyoosha mabawa ukitumia upeo wa akiba (geji ndogo ya mkao), na uangalie breka yake. Ukiwa ndani ya mawingu na upeo mmoja tu umebaki, hiyo ni dharura. Itangaze.

Dalili ya 4: GPS inapotea

Kama uko ndani ya hanga la mabati, toka nje kwanza. Kama ndege imekaa miezi bila kuwashwa, ipe muda: orodha kamili ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kupakuliwa, na hakuna njia ya kuiharakisha.

Ikipotea wakati fulani fulani tu, tafuta mchokozi ndani ya ndege. Anayeongoza ni chaja ya simu ya bei rahisi kwenye tundu la sigara. Ichomoe. Wa pili ni redio yako mwenyewe. Kuna masafa ya VHF, hasa karibu na 121.175 na 131.275, ambayo yakizidishwa mara 13 au mara 12 yanaangukia karibu kabisa na 1575.42 MHz, ambayo ndiyo sauti ya GPS. Redio ya zamani isiyo na kichujio, au redio ya dharura ya ELT inayorudisha mwangwi kupitia antena yake, hufunika setilaiti zote kila unapobonyeza kuongea. Mkiwa chini, na waongoza ndege wakiwa na taarifa, chagua masafa hayo, bonyeza kwa nusu dakika, na mwenzako aangalie vijiti vya setilaiti. Vikidondoka, mchawi umempata.

Baada ya mvua, shuku kiungo cha antena. Unyevu wa ziwa huota kutu ya kijani kwenye kiungo bila kuonekana kwa nje. Na kama ndege imepakwa rangi karibuni, hakikisha hawakuipaka na antena.

Mwisho kuna uvurugaji kutoka nje. Taarifa za GPS kuvurugwa mashariki mwa Kongo zimekuwapo miaka ya karibuni, na hapo si mbali kwa anayekwenda magharibi mwa ziwa. Soma notamu, matangazo ya tahadhari kwa marubani. Ukiona ndege nyingine nayo inalalamika dakika hiyo hiyo, usifungue paneli. Na ukiona saa ya paneli inasoma muda au tarehe ya ajabu, usiamini ramani kabisa: hapo GPS haijapotea, imedanganywa. Rudi kwenye VOR (vituo vya redio vya urambazaji), dira na ufuko wa ziwa.

Dalili ya 5: Ndege imetoka Marekani juzi, na nusu ya mambo hayafanyi kazi

Hii siyo hitilafu moja, ni familia nzima, na karibu zote hazihitaji bisibisi.

*HTMW, msimbo wa uwanja wa Mwanza, haipatikani ukiitafuta.* Hifadhidata ya urambazaji iliyomo ni ya Amerika. Nunua inayofunika Afrika. Huwa inapitwa na wakati kila baada ya siku 28. Kwenye G1000 kadi ya kusasisha huingia tundu la juu, na kadi ya ardhi na vizuizi hubaki tundu la chini. Mtu akisahau kurudisha ile ya chini, ramani ya milima hupotea na rubani anadhani skrini imeharibika. Kipimo changu cha haraka cha ramani iliyochakaa siku hizi ni daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Usipoliona kwenye ramani, jiulize ni minara mingapi ya simu ambayo nayo haimo.

*Hali ya hewa haionekani.* Haitaonekana. Huduma ya setilaiti ya SiriusXM ni ya Amerika Kaskazini, na ile ya bure ya masafa ya 978 MHz ni ya Marekani peke yake. Hakuna cha kutengeneza. Kifaa cha kuhisi radi kinafanya kazi popote, kwa hiyo kama ndege ilikuja nacho usikiuze. Vinginevyo tegemea Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kumbuka kwamba radi za ziwa hili hupenda usiku na alfajiri, wakati anga ya nchi kavu imetulia na wewe umedanganyika.

*Njia ya kutua ya LPV haitokei.* LPV inahitaji setilaiti za kusahihisha GPS, na ishara za WAAS za Marekani hazihudumii huku. Nimeona mtu akilipia antena mpya kwa ajili ya hili.

*Altimita haikubaliani na mnara.* Mnara unakupa hektopaskali, paneli inasoma inchi. Bonyeza kitufe cha PFD, kisha ALT UNIT, kisha HPA. Ukiacha 1013 wakati QNH, yaani shinikizo unalopewa na mnara, ni 1017, utakosea kwa zaidi ya futi 100, na juu ya maji tulivu jioni futi 100 ni nyingi mno.

*Waongoza ndege wanakuona kwa jina jingine.* Mwanza ni miongoni mwa vituo vinne vilivyowekewa rada za kiraia, pamoja na Dar es Salaam, Kilimanjaro na Songwe. Transponda yako, redio inayoijibu rada, ina namba ya kipekee inayotolewa na nchi ya usajili. Ndege imebadilika kutoka usajili wa N wa Marekani kwenda 5H wa Tanzania, lakini namba ndani ya transponda ni ile ya zamani. Kuibadilisha ni kazi ya fundi mwenye leseni na inahitaji namba kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Pia, kama ADS-B (redio inayotangaza mahali ulipo) iliyofungwa ni ya 978 MHz, huku haina mtu wa kuisikia. Inayotumika kimataifa ni ya 1090.

Dalili ya 6: Redio inakwaruza

Zima kitu kimoja kimoja huku ukisikiliza. Taa za LED zilizobadilishwa juzi ndizo washtakiwa wakuu: zina kisakiti cha kupunguza umeme ndani yake, na zile zisizo za ndege hazina kichujio. Chaja ya simu inafuata. Halafu plagi za hedseti, ambazo jasho na unyevu huzilia. Kwaruzo likipanda na kushuka pamoja na injini, ni alteneta au magneto (inayopeleka cheche kwenye plagi), na hapo mwite fundi.

Dalili ya 7: LOW VOLTS

Chini: punguza taa, ongeza mzunguko wa injini, angalia kama voti zinarudi. Hewani: alteneta imeacha kazi, nawe unakula akiba. Ijaribu mara moja kama kitabu kinavyosema. Ikikataa, zima kila usichohitaji na utue. Cessna zenye betri ya akiba ya paneli hupimwa kabla ya kuwasha injini: shikilia swichi kwenye TEST kwa sekunde 20, taa ya kijani isizimike. Ikizimika, usiende Bukoba ukitumaini itapona njiani.

Dalili ya 8: Geji za injini zinapiga kelele

Zamani silinda zote zilikuwa na geji moja, tukalala usingizi. Sasa kila silinda ina tarakimu zake mbili, joto la moshi na joto la kichwa, na simu zimeongezeka.

Silinda moja ikisoma sifuri, au ikiruka kutoka 300 hadi 700 kwa sekunde moja, ni kihisio au kiungo chake. Chuma hakiwezi kupata joto wala kupoa kwa haraka hivyo. Fundi abadilishane vihisio vya silinda mbili: tatizo likihama na kihisio, kihisio ndicho kibovu. Lisipohama, sikiliza silinda.

Silinda moja ikipanda joto la moshi huku joto la kichwa likishuka kidogo, plagi yake moja haiwaki. Zikipanda zote kwa pamoja, magneto moja imelala. Kichwa kimoja kikipanda peke yake na kuendelea kupanda, shuku pua ya mafuta iliyoziba, au kizuizi cha upepo kilichochomoka. Mara mbili nimekuta kiota cha ndege juu ya silinda. Hapo punguza nguvu, ongeza mafuta, shusha pua ya ndege upate upepo. Isiposhuka, tua. Hili halingoji kufika nyumbani.

Dalili ya 9: Usukani unapambana nami

Rubani alinipigia akisema mota ya otopailoti imekwama, maana kila akilaza ndege sana kugeuka, usukani unamrudisha, na otopailoti imezimwa. Nikamuuliza analaza nyuzi ngapi. "Kama hamsini hivi, fundi, nilikuwa namwonyesha mgeni viboko." Ule ni mfumo wa ulinzi, ESP, unaokuja na paneli nyingi mpya. Ukipita nyuzi 45 unakusukuma kurudi. Haujaharibika, wewe ndiye umezidisha.

Teknolojia ya aina hii ndiyo iliyozaa Autoland, iliyoidhinishwa mwaka 2020 kwenye Piper M600: abiria anabonyeza kitufe, ndege inajitafutia uwanja na kutua yenyewe. Kama ndege yako inacho, mweleze abiria kitufe ni cha nini kabla hajakigusa kwa udadisi.

Lakini usukani ukiwa mgumu hata ndege ikiwa imenyooka, shikilia kitufe chekundu cha kuzima otopailoti. Usukani ukilegea, vuta breka ya otopailoti, tua, usiiwashe tena hadi ikaguliwe. Usipolegea hata baada ya kuvuta breka, tatizo huenda ni kebo, na ndege hiyo hairuki tena leo wala kesho.

Dalili ya 10: Kishikwambi kimezima katikati ya ziwa

iPad imetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 35. Juu ya dashibodi, kwenye jua la saa saba, hiyo 35 inapitwa haraka. Itoe kwenye kava, punguza mwanga, iweke kivulini mbele ya hewa baridi. Usiitie kwenye kibaridi cha soda, maana itapata maji ndani. Na kama nukta yako haisogei kabisa, angalia ni ya aina gani: zile za Wi-Fi pekee hazina GPS ndani. Tembea na karatasi.

Kabla ya kunipigia

Piga picha ya skrini kabla ya kuzima umeme, pamoja na maneno yote ya pembeni. Andika ni breka gani iliruka, mlikuwa kimo gani, mvua ilinyesha lini, na ndege ililala wapi. G1000 nyingi huandika kumbukumbu za safari, sekunde kwa sekunde, kwenye kadi ya tundu la juu la skrini ya kulia. Njoo na hiyo kadi, nami nitachemsha chai.